Dola Uliyoifukiza Udi

Zuwena wangu, mama wa nyumba iliyonyamaza,

Leo nimeshika kalamu mwenyewe. Cheka, haki yako. Skuli niliiacha darasa la tano, na hata bili ya umeme wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea. Lakini kwa noti za zamani za Kimarekani, Maskati nzima hakuna wa kunifundisha, na hilo ulikuwa ukilijua.

Unaikumbuka dola ya marehemu baba? Noti pana kama leso, ya kabla Wamarekani hawajazipunguza noti zao. Watoto wa kaka zangu wakija kwetu Darsait siku ya Ijumaa, tukishakula, naitoa nawahadithia: nahodha wa Kimarekani kaanguka bandarini Unguja, papa wamemzunguka, baba kajitosa na kisu cha kumenyea machungwa, na noti hii ndo shukurani yake.

"Papa wangapi, Ami?"

"Watatu, wallahi!"

Nawe huko jikoni: "Ijumaa iliyopita alikuwa mmoja. Kazaa?"

Nyumba nzima kicheko, na mimi nacheka kuliko wote.

Nilikwambia noti ile tukiiuza ndo nyumba yetu ya Bustan, bahari mlangoni. "Basi nyumba haiwekwi ndani ya gazeti kuukuu," ukasema, ukaitia sandukuni baina ya kanga zako za harusi. Na kila ulipofukiza nguo udi, na dola ulikuwa ukiifukiza. Unaishika juu ya chetezo kwa ncha za vidole, kama unampamba bibi harusi.

Siku ile nilipompelekea yule Mzungu mkusanyaji wa noti, kwenye hoteli ya Bustan, aliiweka mbele ya taa akaisifu: mhuri mzuri, karatasi haijakunjwa hata mara moja. Kisha akainusa. Moshi umeipaka manjano, akasema, na mafuta ya udi yameacha doa. Noti ya hivyo wakusanyaji hawaitaki. Akanipa kifuko cha plastiki, akaniusia: "Usiifunguefungue. Kila ukiifungua, inapungua."

Wewe ulikuwa ukinisubiri garini, umevaa abaya mpya, ya kwendea kutazama nyumba.

"Enhe, kasemaje?"

"Kasema haina bei."

Ukanitazama. Ukaichukua noti, ukainusa. "Haina bei," ukarejea, pole pole. "Basi twende zetu, mume wangu, wali utapoa." Mpaka leo sijui ulilifahamu vipi neno lile. Tulipofika nyumbani uliifukiza tena.

Kifuko cha Mzungu nilikitupa mtotoni mwa meza. Tulipokuzika ndo nilikitafuta, nikaitia noti ndani. Nguo zako dada zako wamezigawa, kama ada, na chetezo sina mkono wa kukiwasha. Wewe umebaki kwenye dola ile tu. Nikiifungua, unapungua. Nisipoifungua, sikupati. Leo nimeifungua, Zuwena. Ilibidi pua iguse karatasi.

Watoto bado wanakuja Ijumaa. Papa nimewafikisha saba. Nikishawataja, nageuza shingo upande wa jikoni.

"Endelea, Ami," wananiambia.

Papa wote saba wanawaamini.

Lala pema, mke wangu, mpaka Mola atukutanishe.

Mumeo,
wa papa mmoja