Utepe Mweusi Kwenye Dashibodi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumanne, 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Salamu kwanza, maana Mama alitufundisha kwamba hata mwenye hasira husalimu. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wameshapona kikohozi? Sisi ni wazima, isipokuwa Baba. Simu nimeikwepa makusudi, kwa sababu kwenye simu ungenichekesha.

Mwezi uliopita, ulipokuja likizo, ulilalamika kwamba gari la Baba ni vivu. Ukikanyaga mafuta yote linatetemeka, kile kitaa cha manjano chenye picha ya gari linaloteleza kinapepesa, kisha nguvu inapungua. Nilikueleza palepale jikoni kwamba huo si ugonjwa. Gari linahisi magurudumu yanazunguka bure, basi linayashika kidogo mpaka yaikamate barabara. Nimeishi nalo miaka mitatu, nalijua. Ukanicheka: "Dada, unaendesha gari au unabembeleza mtoto?"

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nampeleka Baba kliniki ya macho, mvua ndiyo kwanza imeanza. Unaijua njia panda ya kiwanda cha matofali: unasimama mlimani, na ukipata nafasi lazima ukanyage kwelikweli. Nikakanyaga kama siku zote, nikisubiri lile tetemeko. Halikuja. Magurudumu yakalia, mkia wa gari ukazunguka, tukajikuta tumekaa kingamo barabarani na lori la mchanga linatujia. Dereva wake, Mungu ampe maisha marefu, akapanda ukingo. Hatukuguswa.

Baba alishika mlango kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Tulipofika akasema, "Lete ufunguo. Siku hizi unaendesha vibaya." Ameufungia kwenye droo ya patasi zake za useremala, na ameapa hapandi gari lolote tena. Amekosa sindano ya jicho ya siku ile. Muuguzi amenionya kwamba jicho halisubiri. Jana nimemkuta anapapasa ubao kutafuta mstari alioupiga mwenyewe.

Juzi nikamwita fundi wa gari aje kuangalia kwa ufunguo wa akiba. Akakuta waya wa sensa ya gurudumu la nyuma, ile inayohisi likizunguka bure, umechomolewa na kufungwa vizuri pembeni. Kwenye dashibodi akabandua utepe mweusi, na chini yake kitaa kilikuwa kinawaka muda wote. Akaniambia hata breki zilikuwa zimepoteza msaada wa kuzuia gari lisiteleze. Utepe ule naujua, Msumari. Ndio uliofungia sanduku lako la safari, baada ya kuwazungusha binamu zetu kwa gari hili pale uwanjani vumbi likitimka.

Kikulacho ki nguoni mwako! Nimekasirika, na usinambie ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo, ukaichomoa. Halafu ukapanda ndege bila kunidokeza hata neno moja.

Fundi amesharudisha waya. Gari ni zima, ila Baba anaamini mbovu ni mimi.

Sijamtaja mtu. Sheria ya karakana unaikumbuka: aliyevunja kifaa hukileta mwenyewe kwa Baba na kusema, "Ni mimi," na hakuna anayemsemea mwenzake. Mimi langu nimeshalisema, kwamba sikuitazama dashibodi kabla ya kuondoka. Alinisikiliza akatikisa kichwa. Kuna neno analolingoja bila kujua, nami najua ni la nani.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi na binamu wote wanakusalimu, na Baba pia, anakusifu kila siku kwa kulichangamsha gari lake. Mungu akulinde huko, akupe na moyo wa kunyanyua simu.

Ndani ya bahasha utakuta ule utepe. Sindano inayofuata ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Kifaa ulichovunja hicho hapo, mpelekee mwenyewe.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.