Mama Kumbe na Chumba cha Ijumaa

Mwanetu, mwaka umepinduka tangu utuache, na kila kilichoandikwa katika tangazo hili la kumbukumbu ni kweli tupu. Baba yako ameapa mbele ya mama yako, mkono juu ya redio kwa kuwa hakuona kitu kingine cha heshima karibu, kwamba safari hii hatii chumvi. Mama yako akasema akikamatwa atalipa. Baba yako akakubali. Kalamu akapewa yeye, maana ndiye mwenye maneno nyumbani.

Ulipozaliwa hukulia. Baba yako anasimulia kwamba ulimkazia macho mkunga ili usikie kwanza atasema nini, na mkunga akaomba radhi. (Mama yako anasema ulilia mpaka wodi ya pili wakalalamika. Tuendelee.)

Sisi ni wachache katika mji huu, na matamshi yetu hututangulia mlangoni. Ulikua ukisikia watu wakimwambia baba yako, fundi wa lifti aliyejifunza umeme kwa kusoma vitabu vilivyotupwa, "Kumbe nanyi mnayaweza mambo haya!" Yeye alicheka na kushukuru. Wewe hukucheka. Ulisoma saikolojia mpaka ukaitwa daktari, kisha ukarudi kulichunguza neno hilo moja.

"Baba, mtu akinitukana najua pa kumshtaki," ulimwambia. "Akinisifu hivi, niende wapi?"

Tunakumbuka ulivyofanya kazi. Ulikaa kwenye mabenchi ya mapokezi, benki, shuleni, hospitalini, ukifuma sweta ili watu wakusahau. Kila mtu wetu alipoambiwa "kumbe", ulitia uzi mwekundu. Kufuma hukujua, Mungu anajua. Mkono mmoja wa sweta ya kaka yako unaishia kwenye kiwiko na wa pili unafunika vidole. Lakini ile uliyoifumia kwenye ofisi ya ajira ilitoka nyekundu tupu, na hapo baba yako hakuongeza kitu. Sweta ipo.

Wenzako kazini wakakubandika jina, Mama Kumbe. Siku ulipotoa matokeo mbele ya wakubwa, ukumbi ulicheka ulipotaka ucheke na ukanyamaza ulipotaka unyamaze. Mwisho mkuu wako akakushika mkono: "Mada nzuri sana, daktari. Kumbe mnajua na kuchekesha!" Ulirudi nyumbani ukajilaza sakafuni ukacheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi peke yake.

Lililokukosesha raha zaidi lilikuwa jingine. Uligundua kwamba wagonjwa wetu hospitalini hucheleweshewa dawa ya maumivu kuliko wengine, na wala si kwa chuki. Manesi waliwaambia kwa upole kabisa, "Ninyi ni wavumilivu." Ukaomba chumba pale pale hospitalini, karibu na dobi, wanakofulia mashuka. Kila Ijumaa ukawakalisha manesi na makarani: huyu awe mgonjwa mwenye maumivu, yule ampokee, kisha wabadilishane. Wengine walitoka wakilia. Wengine waliuliza kama kuna chai.

"Wakinielewa hata wachache, baba, inatosha," ulisema. "Mradi chumba kisifungwe."

Hicho tu ndicho ulichokitaka.

Kisha tumbo likakushika. Nesi alikuwa mgeni kazini, mwenye sauti nzuri. "Pole, dada. Kaa pale kidogo, si ninyi ni wavumilivu?" Ulikuwa umejikunja kwenye benchi. Ukamgeukia mama yako: "Mama, umesikia?" Ukatabasamu. Tabasamu hilo mama yako hajaweza kutusimulia. Walipokuingiza ndani, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka.

Baba yako hakulia mbele za watu. Alisimulia. Kwa kinyozi alisema chumba chako cha Ijumaa kinafurika mpaka watu wanachungulia dirishani. Kwa fundi viatu, mkuu wako akawa anakuja mwenyewe na kukaa chini kama mwanafunzi. Alipofika kwa muuza magazeti, picha yako ilikuwa imeshatundikwa kwenye ukuta wa chumba hicho, kubwa, yenye fremu. Na tangazo hili, alipoliandika mara ya kwanza, lilikuwa na hayo yote, kiapo kikiwa juu yake.

Wiki iliyopita mama yako alikwenda pale hospitalini kutazamwa goti. Aliporudi aliisoma karatasi ya tangazo akiwa bado amesimama.

"Mzee, hii picha ya mwanangu iko upande gani?"

"Kushoto, ukiingia."

"Kushoto kuna ndoo. Kulia mafagio. Katikati viti vilivyovunjika."

"Labda wanapaka rangi, mama watoto. Wakimaliza..."

"Nimemuuliza yule mama wa dobi. Chumba hakijawahi kufunguliwa tangu tumzike, ila kwa kutupia vitu. Na nesi kaniambia goti lisubiri. Unataka nikwambie na sababu aliyonipa?"

Baba yako alivua miwani. Akaiweka juu ya redio ile ile aliyoapia.

"Uliapa," mama yako akasema. "Kalipe. Pita kote ulikoitundika hiyo picha, ukaishushe mwenyewe."

Akaenda. Hakuchukua fimbo yake, akatembea taratibu akishika kuta. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Baba yako akasimama mlangoni akasema yote: hakuna darasa, hakuna mkuu, hakuna picha, kuna mafagio.

Kinyozi akazima mashine.

"Tulijua, mzee wangu. Nasi tunatibiwa pale pale."

"Sasa mbona mliniacha niseme?"

Kinyozi akapangusa nywele begani mwa mteja, akapangusa tena mahali palipokwisha kuwa safi.

"Ilikuwa inapendeza kuisikia," alisema.

Fundi viatu naye alikuwa anajua. Muuza magazeti pia.

Kwa hiyo, mwanetu, hatuna habari njema ya kukupa mwaka huu, na hatutakudanganya kwamba tunaitarajia mwakani. Haya ndiyo yaliyobaki baada ya mama yako kupitisha kalamu yake.

Unakumbukwa na mama yako. Baba yako, fundi lifti mstaafu. Kaka yako na wifi yako. Shangazi yako aliyekulea ulipokuwa shule. Wapwa zako pacha, ambao bado wanagombania kiti chako mezani. Na majirani wote wa mtaa huu.

Maadamu tungali hai, hutasahaulika.