Wiki Moja Columbus

Jumatatu, 5 Oktoba 2015

Manyunyu toka asubuhi. Nilipofika shambani kutoka kwangu Newburg, Mzee Rolf alikuwa zizini tayari, na viatu vyake vya mpira, vidonge vyake bado mezani. Nimemgombeza. Hajali. Ana miaka themanini na mitatu na ng'ombe kumi na mmoja, na ni hao anaowafikiria kwanza.

Kazi yangu kwa karatasi ni kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Kukamua hakumo. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji, wa milima ya Minembwe. Siwezi kusikia ng'ombe analia kiwele kimejaa, nikaendelea kuosha vyombo. Yule mwekundu nilimpa jina la kwetu, Gaju. Mzee analitamka kwa ulimi wa Kijerumani, tunacheka.

Mchana mwanawe Klaus amepiga simu kutoka Columbus. Amempatia baba yake daktari wa macho huko. Wiki moja tu, kisha atamrudisha.

"Mimi hanisikii," amesema. "Wewe anakusikia."

Jumatano, 7 Oktoba

Amekataa asubuhi. Amekataa mchana. Anasema tangu ashuke meli na mkewe kutoka Ujerumani, kijana mwenye begi moja, hajawahi kukaa siku saba mbali na shamba hili. Mkewe amezikwa hapo karibu, nyuma ya kanisa.

Nimekaa naye jikoni, nikamwambia: Mzee, macho yakiisha, utawaonaje ng'ombe wako? Wiki moja. Mimi nitakuwa hapa nao kila siku.

Amenitazama sana. "Unaniahidi?"

Nimeahidi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Klaus amekuja. Mtu wa maneno laini. Ametoa karatasi za kusaini, za daktari, kasema. Mzee hakuwa na miwani. Mimi ndiye niliyeleta kalamu.

Kisha Klaus kapanda juu, kashuka na koti zito la baridi, picha ya mama yake, na saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa wiki moja? Nilijiuliza moyoni tu. Naandika hivi nisije kujidanganya baadaye.

Mzee amepunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona.

Jumatatu, 12 Oktoba

Lori limekuja saa nne. Wanaume wawili, wapole. Wamekuja kuchukua ng'ombe wote. Nimesimama langoni, nikasema hapana, kuna kosa. Mmoja akanionyesha karatasi ya mauzo. Saini ya mzee, imepinda. Ile ya Ijumaa.

Nikatoka njiani.

Gaju alikataa kupanda. Nimempandisha mimi mwenyewe, wasije wakampiga.

Nimempigia Klaus. Hakukana. Shamba nalo limeuzwa. Daktari wa macho hayupo. Baba yuko kwenye nyumba ya wazee, Clintonville, huko huko Columbus, anatunzwa vizuri. Akaongeza, kama mtu anayenishukuru: "Kwa maneno yangu asingetoka pale. Tulijua atakusikiliza wewe."

Tulijua. Donc, kumbe walikuwa wengi. Wamenitumia kama chumvi ya kumwitia ng'ombe.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimempigia Hanna, binti yake mzee, anayekaa Buffalo. Nilidhani atalia na mimi. Kila Jumapili alikuwa ananiuliza: baba amekula? Amelala vizuri? Aliniita dada.

Alijua tangu kiangazi.

"Tuelewe, dada. Alianguka mara mbili. Wewe mwenyewe uliniambia."

Ni kweli nilimwambia. Nilimwambia ili aje amwone. Amenisihi nisimtajie baba habari za ng'ombe mpaka azoee. Nimekata simu.

Kwetu, waliochukua ng'ombe wa baba yangu walikuja na bunduki. Tulijua ni adui. Hawakutuomba tuwashikie kamba.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mume wangu Elias anasema, bon, basi, ni familia yao, waachie. Kuna nafasi ya kazi kwenye bohari anakofanya kazi yeye. Watoto wanataka kula. Anasema kweli na nimemkasirikia siku nzima.

Nimejaribu kuomba. Maneno hayakuja.

Jumamosi, 17 Oktoba

Basi mpaka Columbus. Mdogo wangu Furaha, anayekaa Gahanna karibu na hapo, amenipeleka Clintonville kwa gari lake.

Mzee alikuwa amekaa karibu na mlango, koti mwilini, kofia magotini.

"Umekuja kunichukua," amesema.

Nimepiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia yote. Lori. Shamba. Karatasi. Hanna pia.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Lakini uliniahidi."

"Nilikuahidi, mzee. Niliambiwa wiki moja, nikaamini. Samahani."

Hakulia. Amevaa kofia, akaivua tena. Akaniambia niende nyumbani kwangu.

Waliostahili hasira yake hawakuwepo. Nilikuwepo mimi. Nimelia kwenye basi mpaka jirani yangu akahama kiti.

Jumamosi, 31 Oktoba

Wiki yangu ya pili kwenye bohari. Masanduku tu. Mgongo unauma.

Leo nimerudi Clintonville, sikumwambia Elias mpaka nimefika. Wahudumu wanasema mzee hasemi na Klaus. Simu ya Hanna haipokei. Hakubali mtu amguse uso, ndevu zimeota nyeupe mpaka shingoni.

Nimeomba beseni la maji ya moto, sabuni, wembe. Nimevuta kiti nikakaa mbele yake. Sikusema samahani, nilishaisema. Alinitazama muda mrefu. Nikadhani atanifukuza tena.

Akainua kidevu.

Nimemnyoa polepole, hasa pale kooni, ngozi ni nyembamba. Nilipomaliza nimempangusa kwa taulo na kumfunga vifungo vya shati.

Basi lilikuwa la saa tisa. Nimelipata.