Nilipoambiwa Nitapigwa Chuku

Ijumaa, mwisho wa Januari. Jua la leo limechoma hadi mbwa wa sokoni wakajificha chini ya vibanda. Nimefunga duka mapema, jambo ambalo fundi wa sare za shule hafanyi mwezi huu hata akiwa mgonjwa, na sasa nimeketi kitandani wima kama mgeni aliyekuja kuposa. Mgongo haugusiki.

Ngoja niseme lililo moyoni kwanza, halafu nitaeleza ya mgongo.

Nina hamu na Kalekye. Nina hamu naye mpaka nakasirika.

Kalekye ni mdogo wangu. Tulifungua hili duka pamoja hapa Machakos mjini, cherehani mbili zikitazamana, ili tushone huku tukiteta. Na wa kuteta hawakukosekana. Mzazi wa Machakos anajua shule zinafunguliwa lini tangu Krismasi haijafika, lakini mtoto atamleta kupimwa jioni ya kuamkia kufungua, halafu akuulize mbona unachelewa. Kalekye alikuwa anawaigiza wakishatoka. Nilikuwa nacheka hadi nachoma sindano mahali si pake.

Jioni tulikuwa na dawa yetu. Mlango tunaufunga nusu, natandika mkeka, nalala kifudifudi, na Kalekye anavua viatu na kunikanyaga mgongo. Si kwa uzito wote. Anashikilia meza ya kukatia vitambaa, anashuka na mguu polepole, kisigino kando ya uti wa mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Akifika kiunoni mimi naguna, naye anasema ati nimekuwa ng'ombe mzee wa Kathiani. Kisha zamu yangu, na yeye ndiye anayepiga kelele kuliko mimi, woi, woi, Mwende utaniua!

Halafu akaenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani. Mkataba wa miaka miwili. Alitaka kumjengea mwaitu, mama yetu, nyumba, na nyumba imesimama kule Kathiani, mabati yanaonekana ukiwa ng'ambo ya kilima. Cherehani yake nimeifunika leso. Watu wawili wameshaniuliza kama wanaweza kukodi hiyo nafasi, na wote nimewajibu vibaya hadi nikaona haya.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba saa zetu ni moja. Angekuwa mahali ambapo huku ni mchana na kule ni usiku, labda ningezoea. Lakini nikinywa chai ya saa nne najua kwake pia ni saa nne, na sijui kama kuna mtu amemwambia apumzike.

Sasa mkataba umefika mwisho. Ijumaa iliyopita alinipigia simu. Ijumaa ndiyo siku ile familia inaenda kwa nyanya yao na yeye anabaki na nafasi ya kuongea. Akaniuliza moja kwa moja: "Mwende, wanataka niongeze miaka miwili. Niongeze ama nirudi?"

Nikamwambia, "Amua mwenyewe, Kale. Huku tuko sawa kabisa."

Tuko sawa kabisa! Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono wa kulia kwa sababu vidole vya kushoto vilikuwa vimekufa ganzi.

Sijui niliogopa nini. Niliogopa aje arudi, maisha yawe magumu, halafu aniangalie kama mtu aliyemziba njia. Basi nikajifanya jasiri, na tangu siku hiyo shingo ikakataa. Jumatano mteja aliniita kutoka mlangoni nikashindwa kugeuza kichwa, ikabidi nigeuke mwili mzima. Mteja mwenyewe ni mwalimu. Akaniambia, "Fundi, wewe nenda kwa Bi Salma akufanyie hijama."

Bi Salma ni mama mtu mzima wa kutoka Lamu aliyeolewa huku miaka mingi. Anawahudumia wanawake tu, nyumbani kwake, chumba cha nyuma. Nilimpigia mwaitu kumwambia ninakoenda. Akauliza kama hayo mambo yana dini ndani. Nikamwambia ni vikombe tu vinavyowekwa mgongoni vinavuta damu iliyoganda kwenye misuli. Mwaitu akasema, "Sawa, lakini viombee hivyo vikombe kwanza."

Nikaviombea njiani. Mama ni mama.

Chumba cha Bi Salma kina kitanda chembamba, shuka safi, harufu ya habasoda na udi. Aliniuliza ninapoumwa nikamweleza yote, shingo, mabega, kiuno, vidole, usingizi unaokuja kwa vipande. Nilieleza kwa kirefu maana kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeniuliza. Nilipomaliza alitikisa kichwa, akajifunga kanga vizuri, akasema:

"Haya mwanangu, lala. Sasa nikupige chuku."

Nikainuka kwa kiwiko.

"Bi Salma, haki mimi sipigi chuku. Naumwa kweli. Uliza mtu yeyote pale sokoni."

Unajua sisi tuliosomea huku chuku tunaijua darasani tu. Ni ile tamathali ya usemi: "alilia hadi machozi yakajaza debe." Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufanya tuziandike hadi tukachoka. Kupiga chuku ni kutia chumvi. Kwa hivyo mimi nilisikia mama wa watu akiniambia naongeza maneno.

Bi Salma alinitazama, kisha akaelewa. Alicheka! Alicheka akishika ukuta, akaketi, akasimama, akaketi tena. "Jamani, huko skuli mlifundishwa nini nyinyi? Chuku si hii?" Akaniinulia kikombe. Akanieleza kwamba kwao chuku ni pembe ya kuumikia. Bibi yake alitumia pembe ya ng'ombe, anafyonza hewa kwa mdomo. Yeye ana vikombe vya plastiki na pampu ya mkono, lakini jina ni lile lile. Pembe ikivuta, nyama inavimba inakuwa kubwa kuliko ilivyo. Anadhani maneno ya kutia chumvi yalipata jina hapo. Sina hakika kama ni kweli, ila niliipenda.

Nikalala. Nikacheka na mimi, uso ndani ya mto.

Akanipaka mafuta. Mikono yake ni mizito na yenye joto, na hapo ndipo kicheko kilipokatika. Tangu Kalekye aondoke hakuna mtu aliyenigusa mgongo. Watu nawagusa mimi kutwa nzima, nawapima mabega, viuno, urefu wa mkono. Mimi hakuna anayenigusa. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo mpaka leo.

Kikombe cha kwanza kilivuta ngozi kana kwamba kinataka kuondoka nayo. Cha pili kikakaa chini ya bega la kushoto, na machozi yakaanza. Hayakuwa ya maumivu. Bi Salma alidhani ni maumivu, akaniuliza, "Nikulegezee?"

"La, acha hivyo hivyo."

Akaacha, akanifunika miguu kwa kanga, akaendelea na pampu huku akiimba kidogo kwa pua. Nililia kwa raha zangu. Nilikuwa nawaza lile neno, kupiga chuku. Mimi nimeogopa maisha yangu yote kuambiwa naongeza. Ndiyo maana napunguza. Kichwa kikipasuka nasema kinaniuma kidogo. Mdogo wangu anaponiuliza arudi ama asirudi, nasema tuko sawa kabisa, na kumbe nimekaa naangalia leso juu ya cherehani yake kama mtu aliyefiwa.

Nikaamua palepale, vikombe vikiwa mgongoni, kwamba akipiga leo nitamwambia arudi. Nilimwambia Mungu, nilimwambia mto wa Bi Salma.

Nilitoka pale shingo inageuka. Nasema ukweli, inageuka! Bi Salma alinionya nisioge maji baridi na nisishone leo, akanipiga picha ya mgongo nijionee. Miduara ya zambarau, imepangana pande mbili. Nimeichekea picha hiyo. Nilitaka Kalekye aione.

Alipiga kabla giza halijaingia. Sikumpa hata nafasi ya salamu.

"Kale, rudi. Usiongeze. Nakutaka hapa."

Kulikuwa na bomba linatiririka nyuma yake, kisha likafungwa.

"Mwende," akasema polepole. "Nilisaini jana. Ulisema mko sawa."

Mdomo wangu tayari ulikuwa umefunguka kusema ni sawa tu, hakuna shida, miaka miwili ni nini. Unavyojua kufunguka wenyewe! Nikaumeza huo uongo. Nikamwambia si sawa. Nikamwambia mkono unakufa ganzi, na duka limekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, na mchana kuna wakati nageuka kumwambia jambo na hayupo. Nikamwambia mwaitu akija mjini hakai kwenye kiti kingine, anakaa pale kwenye kile cha Kalekye. Niliyasema yote, na sikuongeza hata moja.

Kalekye alilia. Si kile kilio chake cha woi woi. Alilia kwa sauti ndogo, kama mtu aliyezoea kulia kwenye nyumba ya watu. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo. Nimekaa miaka miwili nikimuuliza habari ananijibu nzuri, nami nikaamini.

Kisha akaniuliza, "Na sasa ndio unaniambia?"

Ile familia ilikuwa imerudi, nikasikia mlango na watoto, na simu ikakatika.

Nimekaa na hilo swali tangu saa hiyo. Sijui kama mkataba uliosainiwa jana unaweza kuvunjwa. Nitauliza, nitauliza kila mtu anayeweza kujua. Pengine hauvunjiki. Pengine ni miaka miwili mingine kweli.

Lakini Ijumaa ijayo akipiga na kuniuliza habari, sitasema nzuri. Nitampa habari. Na nikimuuliza zake, nitanyamaza hadi anipe.