Naomba Picha ya Pua Yako

Chumba cha juu ya karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

U hali gani? Goti limepoa? Na baba mdogo, kifua kimemwachia? Sisi wazima, ila kwa hilo nitakalokueleza.

Ndoa ni tamu, mama! Mwezi wa pili sasa, na nikisikia nyayo za mume wangu ngazini bado moyo unanidunda. Huingia na vumbi la mbao nyusini, nami namfuta polepole, makusudi. Ananiita Filimbi, kwa mluzi wa pua yangu ninapopumua.

Juzi nilikwenda kwa daktari wa pua. Unajua nimepasuliwa mara mbili: ya kwanza kwa urembo, nikitaka iwe nyembamba, ya pili kurekebisha makosa ya ile ya kwanza. Sasa tundu la kushoto limeziba na mgongo wa pua umebonyea. Daktari anasema anaweza kuijenga upya kwa gegedu, ule mfupa mlaini, la ubavuni. Hakuahidi. Kovu juu ya kovu, alisema, huenda likaharibu zaidi.

Nilipomweleza mume wangu aliendelea kupiga randa, kisha akasema, "Mbao ukishairanda sana, mke wangu, hairudishi unene. Mimi nilikuoa wewe, pua ilikuja na mizigo."

Nilicheka, halafu nikalia. Hajui pua niliyokuwa nayo.

Hili sijawahi kukuambia. Siku zake za mwisho, macho yakiwa hayaoni tena, marehemu mama alinipapasa uso akauliza, "Pua yangu umeipeleka wapi?"

Daktari anataka picha yangu ya zamani, aone ilivyokuwa. Sina hata moja. Zote nilizikata uso kwa mkasi, mwaka ule nilipojichukia. Mama naye alikuwa akikimbia kamera. Imebaki pua moja tu ya namna ile, nayo ni yako.

Nimekata shauri, nitapasuliwa. Mume wangu amekubali shingo upande, ila atanisindikiza. Tafadhali upigwe picha, ya mbele na ya ubavuni. Usicheke, ukicheka inatanuka.

Daktari akishindwa, picha usinidai. Nataka pua ya mama iwepo mahali humu ndani.

Nisalimie baba mdogo na wadogo zangu mapacha. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Akupendaye kuliko anavyoweza kuandika,
Mwanao, mke wa seremala