Matuta Niliyosema ni ya Viazi

Makongolosi, Chunya

Kamwene Rozalia, mdogo wangu,

Magoti yanasemaje? Na nyanya zako hapo Ilula, bado unayakimbilia mabasi kama msichana? Mimi mzima, na nimekuwa mkubwa: serikali imenifanya mwenyekiti wa kamati ya kuchagua sehemu za kale za kuhifadhiwa!

Haya, usinisonye. Nabeba ndoo ya chokaa tu. Wataalamu wakichagua kitu, mimi nakipaka alama. Kisichopakwa kinaondoka na katapila, maana mwenye leseni ya dhahabu anaanza kuchimba Jumatatu.

Sasa sikia nilivyojiharibia. Mtaalamu wao, mama mmoja wa kofia pana, aliona rundo la mawe nyuma ya shamba langu. "Mzee, hapa pana nini?" Nikamjibu kwa sauti ya kanisani, "Hapo amelala chifu." Rozalia, mawe yale niliyarundika mwenyewe nikilima mahindi! Akaandika. Nikapaka. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Tukashuka bondeni, kwenye makaburi ya wachimbaji wa zamani, alikozikwa baba. Yamedidimia, vimebaki vituta tu, msalaba hakuna hata mmoja. "Na haya matuta?"

Kicheko kikanikauka. Nilishasikia kwamba wakipenda kitu wanakifukua, mifupa inakwenda makumbusho. Nikamwona baba ndani ya kabati la kioo, watoto wa shule wanamcheka meno. Nikasema, "Viazi, mama. Matuta ya zamani." Hakuandika kitu.

Kumbe wao makaburi hawafukui, wanazungushia uzio tu. Nimeambiwa jana jioni. Sasa chifu wangu wa mawe atabaki, na baba yetu atasagwa kwenye karasha pamoja na mawe ya dhahabu.

Leo nimekwenda kuungama kwa yule mama wa kofia. "Mzee, jana viazi, leo baba yako? Na chifu je?" Nikasema chifu naye ni mahindi. Hakucheka. "Niletee uthibitisho."

Kwenye kaburi kuna kibati chenye namba. Mama yetu alisema ni namba ya kipande cha kazi cha baba, ile kadi yake ya mgodini iliyomo kwenye sanduku lako. Sijawahi kuzilinganisha. Hilo nalo linanitisha: huenda miaka yote hii nimempalilia mtu baki.

Msalimie shemeji, mumeo mchoyo wa pombe ya ulanzi, na mjomba fundi baiskeli. Habari ya viazi usiwaambie.

Ulipovunja kibuyu cha babu, viboko nilikula mimi, na sijakudai mpaka leo. Sasa nadai. Mpe konda wa basi la Mbeya hicho kipande, kinifikie kabla ya Jumamosi.

Kaka yako,
Gaudensi