Jeifeti Moja Iliyobaki

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika ingawa najua marahaba yake haitanifikia. Wewe ndiwe uliyenifunza kwamba salamu hutolewa kwanza, na jibu ni hiari ya anayesalimiwa.

Nakuandikia nikiwa mezani pako, hapa kibarazani Mishomoroni. Kikopo cha skrubu bado kipo mahali pake. Redio za watu nimezirudisha kwa wenyewe, zilizopona na zilizokufa. Imebaki moja tu, ile bovu uliyoifungua kwa ajili ya nyanya.

Unakumbuka tulivyogundua kwamba mama yako hasikii? Alikuwa akiitikia kila salamu, tukadhani ni mzima, kumbe alikuwa akitazama midomo yetu. Siku moja paka akapita mlangoni, na nyanya akasema, "Marahaba, mwanangu." Mama Riziki, jirani yetu anayekaanga viazi karai, alicheka hadi mwiko ukamtoka mkononi.

"Wallahi, fundi, kwenu hata nyau ana adabu!"

Ulicheka nawe. Kisha ukaingia ndani, ukasimama nyuma ya kiti cha nyanya ambapo hakuweza kukuona, ukasema shikamoo. Kimya. Ukarudia. Kimya. Ulitoka ukaketi kwenye meza hii, ukawa unakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Daktari alisema masikio yamechoka na hakuna dawa. Ukasema, "Basi nitamtengenezea kifaa mwenyewe." Uliniita, nikaitika abee, ukaniwekea kiganjani kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Hii ni transista, lakini si kama zile nyingine. Hii yaitwa jeifeti." Ukanionyesha kisahani cha shaba ulichokitoa ndani ya saa ya mezani, kile kinacholia asubuhi. "Hiki nitakifanya mikrofoni. Lakini umeme wake ni dhaifu, kama pumzi ya mgonjwa. Ukikiunga na transista ya kawaida, kitanyonywa hata hicho kidogo. Jeifeti hainyonyi. Yasikiliza tu, kisha yaipa amplifaya habari, nayo yaikuza sauti."

Nikauliza inafunguliwa vipi. Ulitabasamu.

"Haifunguliwi. Iko wazi tangu mwanzo, umeme wapita wenyewe. Ukipeleka hasi kwenye lango lake, huo mguu wa pembeni, ndipo yafunga. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Baba, sikuwa nimeelewa. Niliona tu jinsi ulivyofurahi, sikutaka kukukatiza.

Kisha ikaja homa ile ya siku nne. Uliacha jeifeti mbili ndani ya kibiriti kitupu.

Nilingoja likizo. Shuleni tumefundishwa transista moja tu, ile inayolala mpaka uipe chanya kidogo. Nikafanya nilivyodhani daftari langu la shule linasema, na hata rezista ya kupunguza umeme sikuweka: lango nililiunga moja kwa moja na chanya ya betri. Kidude kikanichoma kidole, kisha kikafa. Mama Riziki akanusa kutoka kwenye karai lake.

"Fundi wa kike, leo wakaanga nini? Harufu hiyo si ya viazi vyangu!"

Nilicheka ili asinitazame sana. Nililia baadaye, nikifua.

Ile ya pili niliiogopa wiki mbili. Nilikuwa nikifungua kibiriti, naitazama, nafunga. Mama aliniona, akaniambia, "Muache nyanyako apumzike. Hata babako asingeweza." Nilikifunga kibiriti tena. Nadhani alisema kweli, na ukweli huo ndio ulioniuma.

Leo asubuhi nilijaribu. Lango nililiunga na kisahani, nikalipitisha pia kwenye rezista kubwa hadi hasi ya betri, kama mchoro wako ulivyoonyesha nyuma ya karatasi ya kalenda. Mguu mmoja nikauwekea rezista ndogo, mwingine nikauunga na amplifaya ya ile redio bovu. Nilivaa spika za masikioni, nikagonga kisahani kwa ukucha. Ilikuwa kama radi. Nikanong'ona jina lako karibu nacho, nalo likanirudia, kubwa kuliko nilivyolisema. Baba, kwa dakika ile moja nilidhani tumeweza.

Nyanya alikubali kuvishwa bila kuuliza. Nilisimama nyuma ya kiti chake, pale pale uliposimama wewe.

"Shikamoo, nyanya."

Kimya. Nikaongeza sauti ya amplifaya, nikarudia. Kimya. Mara ya tatu nilipaza sauti hadi Mama Riziki akaitikia kule nje, "Marahaba!" Nyanya alikuwa akitazama mikono yake tu. Nikazungusha kitufe hadi mwisho, mpaka kukawa hakuna ila mvumo wa kifaa chenyewe. Nikanyoosha mkono nimvue.

Akainua uso, akatazama mabati.

"Mvua hiyo," akasema. "Mbona hamuanui nguo?"

Ulikuwa mvumo tu, baba. Maneno hayamfikii, na sidhani yatamfikia tena. Salamu yako ya siku ile hakuisikia, na yangu vilevile. Lakini mvumo aliusikia, na huko nje hakukuwa na wingu hata moja.

Sikumwambia. Nilitoka juani, nikaanua nguo zote nilizokuwa nimezianika muda mfupi uliopita, nikamwekea mapajani. Akazipapasa moja moja.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Zimeshalowa."

Jeifeti iko salama, sijaichoma. Nimeirudisha kwenye kibiriti chako, na kibiriti nimekiweka mahali ambapo ungekitafuta. Mungu akupe utulivu huko uliko.

Ni mimi, binti yako uliyemwita naye akaitika abee.